Kompyuta mpakato ya zamani inagomea ruta mpya ya WPA3: nishushe ulinzi, ninunue adapta au nivute waya?

Mwalimu_Raskazone (Tanga)

Habari za jioni wakuu. Wiki iliyopita tumefungiwa intaneti ya faiba nyumbani, mafundi wakatuachia ruta mpya. Simu zote zimeingia bila shida. Kompyuta mpakato yangu ni ya mtumba, ya mwaka 2012, ina Windows 10. Inauona mtandao, inaomba nywila, inasubiri kidogo, kisha inasema haiwezi kuunganishwa. Ndiyo ninayotungia mitihani, na siku ya kukabidhi inakaribia.

Nimezima na kuwasha vyote viwili. Nimeufuta mtandao kwenye orodha nikaanza upya. Nimechungulia mipangilio ya ruta, nikaona ulinzi umewekwa WPA3, ile aina mpya ya ulinzi wa Wi-Fi.

Kila niliyemuuliza ana lake. Mmoja anasema ninunue adapta ya USB ya kunasa Wi-Fi, mwingine nibadilishe kadi ya Wi-Fi ya ndani, jirani anasema nivute waya tu kutoka kwenye ruta, na kijana mmoja wa mtaani ameniambia niondoe nywila kabisa. Ipi inamfaa mtu asiyetaka kutupa pesa wala kuacha nyumba wazi?

FundiWaya (Dar es Salaam)

Pole sana mwalimu. Usinunue kitu bado. Iulize kwanza kompyuta yenyewe inaweza nini. Andika cmd kwenye sehemu ya kutafutia, dirisha jeusi likifunguka andika:

netsh wlan show drivers

Shuka mpaka kwenye orodha ya aina za ulinzi inazozikubali. Ukiona WPA2-Personal (aina iliyotangulia WPA3) lakini WPA3-Personal haipo, umeshapata jibu. WPA3 ilitoka 2018, kadi yako ilitengenezwa miaka sita kabla yake. Windows 10 nayo ilianza kuielewa WPA3 kwenye toleo la 1903 la mwaka 2019, na hata ukiwa na toleo jipya zaidi, kadi na draiva yake (programu inayoiendesha) lazima vikubali. Ndiyo maana simu zinaingia na kompyuta inabaki nje, ingawa nywila ni ile ile.

Tazama pia mstari wa Radio types supported. Hayo ni majina ya aina za Wi-Fi. Ikiwa pana 802.11a au 802.11ac, kadi inashika bendi (masafa) ya GHz 5. Ikiwa ni b, g na n tu, unaishia GHz 2.4.

Mpwani_Likoni (Mombasa)

Salaam aleikum. Dada, kwa vile kompyuta ni ya mtumba, kuna mambo mawili mimi huyaangalia kabla ya yote.

La kwanza ni kibodi. Mashine nyingi za mtumba hutoka Ujerumani, na kibodi ya huko imebadilishana Z na Y. Ukiandika nywila yenye herufi hizo bila kuiona, unaweza kukosea siku nzima. Bofya alama ya jicho usome unachokiandika.

La pili ni chaneli, yaani njia ya hewani ambayo ruta inarushia Wi-Fi. Mashine zilizotengenezwa kwa soko la Marekani mara nyingi haziioni chaneli ya 12 na ya 13 kwenye GHz 2.4, kwa sababu kule hazitumiki kwa kawaida. Ruta ikijichagulia chaneli hizo, mtandao hupotea kwenye orodha. Wewe unauona, kwa hiyo sidhani ndilo tatizo lako, lakini ukishaingia kwenye ruta iweke 1, 6 au 11 upumzike.

Kijana_Kiembesamaki (Unguja)

Mimi naona huyo kijana wa mtaani hajakosea sana. Ondoa nywila, halafu weka kwenye ruta orodha ya anwani za MAC (namba ya utambulisho ya kila kifaa) za vifaa vyenu. Kifaa kisichoandikwa hakiingii. Kwetu tulifanya hivyo mwaka mzima.

FundiWaya (Dar es Salaam)

Mdogo wangu, hapa sikubaliani nawe hata kidogo, na ninamsihi mwalimu asifanye hivyo. Anwani ya MAC hupita hewani bila kufichwa, hata kwenye mtandao wenye nywila. Mtu aliye nje ya ukuta anaisoma, anaiweka kwenye kifaa chake, na ruta inampokea kama mwenyeji. Mbaya zaidi, bila nywila hakuna kinachosimbwa (kufichwa kwa msimbo) kati ya kompyuta na ruta. Kurasa zenye https zina kinga yake, ila vingine vyote viko uchi. Mtu anayetunga mitihani nyumbani hawezi kukaa hivyo.

Vivyo hivyo usikubali kushushwa hadi WPA ya kwanza yenye TKIP (njia yake ya zamani ya kusimba), hata ruta ikikupa nafasi hiyo. Ilikuwa kiraka cha mwaka 2003 cha kuokoa vifaa vya WEP, ulinzi wa Wi-Fi uliotangulia. Ukiitumia, hata kasi ya 802.11n huipati, unarudi Mbps 54.

Kijana_Kiembesamaki (Unguja)

Hilo la anwani kusomeka hewani sikulijua. Leo usiku narudisha nywila.

BiSalma_Mtandao (Muscat)

Mwalimu, nimepitia karibu njia zote hizi kwa kompyuta ya mama yangu, acha nikulinganishie.

Kadi ya ndani ni rahisi kwa bei lakini ina mtego. Watengenezaji kadhaa wa miaka ile walifunga mashine zao zisikubali kadi isiyo kwenye orodha yao. Nilifungua, nikaweka kadi nzuri kabisa, mashine ikawaka na maandishi kwamba kadi haikubaliki, ikasimama hapo hapo. Usianzie huku.

Adapta ya USB ni nzuri ukichagua vizuri. Zile ndogo kama ukucha, za bei ya chini, nyingi ni za GHz 2.4 peke yake na WPA3 hazijui. Ukinunua moja ya hizo umelipia tatizo lile lile. Soma boksi, lazima liandikwe WPA3, na hakikisha Windows yako si ya chini ya 1903.

Waya mimi naupenda kuliko vyote. Waya wa mtandao wa aina ya Cat5e unafika mita 100, hauna nywila, haujali kuta. Mashine ya 2012 kwa kawaida bado ina tundu lake. Kasoro yake ni kwamba unakaa palipo na waya.

Kubadilisha mipangilio ya ruta hakugharimu kitu, kwa hiyo ndiko pa kuanzia. Chagua WPA2/WPA3 kwa pamoja. Simu zitaendelea na WPA3, kompyuta itaingia kwa WPA2.

FundiWaya (Dar es Salaam)

Bi Salma amesema yote, ila hiyo ya mchanganyiko wakati mwingine inakwama. WPA3 inadai hata ujumbe wa kusimamia muunganisho ulindwe. Kwenye mchanganyiko sharti hilo ni la hiari, lakini kuna kadi za zamani zinazoshindwa pale tu ruta inapolitaja. Ikitokea, washa mtandao wa wageni, uupe WPA2 yenye AES (njia imara ya kusimba) peke yake, na uingize kompyuta humo. Mtandao mkuu ubaki WPA3.

Na usiidharau WPA2. Udhaifu wake uliotangazwa 2017 ulizibwa kwa masasisho. Kilichobaki ni kwamba mtu anaweza kunasa salamu ya kuunganishwa akaenda kubahatisha nywila kwake kwa nafasi, jambo ambalo WPA3 inalizuia. Dawa ni urefu. Inaruhusu herufi 8 hadi 63, wewe weka zisizopungua 20.

Mwalimu_Raskazone (Tanga)

Wakuu, nimerudi. Ile amri imeonyesha WPA2-Personal, WPA3 haipo, na aina ni b, g, n. Kibodi ni ya kawaida.

Nimejaribu mchanganyiko, imekataa vile vile. Nimewasha mtandao wa wageni kwa WPA2 na nywila ya herufi 24, na kompyuta imeingia mara ya kwanza! Niko humo sasa hivi nikiandika haya. Bi Salma, waya nitauvuta mwisho wa mwezi, maana meza yangu haiko mbali na ruta.

Swali moja limebaki: printa iko mtandao mkuu na kompyuta haiioni tena. Nifanyeje?

FundiWaya (Dar es Salaam)

Hongera mwalimu. Mtandao wa wageni hutenganishwa na vifaa vya nyumbani makusudi. Ruta nyingine zina kisanduku cha kuondoa utengano huo, ila mimi ningeuacha. Ichomeke printa kwa waya wa USB.

Mwalimu_Raskazone (Tanga)

Nimeichomeka. Mtihani wa Historia umetoka, kurasa sita. Asanteni sana wote, na Kijana, nifahamishe ukisharudisha hiyo nywila.