Nimekataliwa chuo cha ualimu kisa mwandiko na chaki. Wasaili, dispraksia siyo uzembe!

Wakuu, habari za jioni. Wasimamizi, naomba uzi huu msiuunganishe na zile nyuzi za "nani kapata chuo", haya ni mambo tofauti. Leo nina povu, atakayechoka njiani apite tu salama.

Mimi ni binti wa Igoma, hapa hapa Mwanza. Nimemaliza kidato cha sita mchepuo wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), nina daraja la pili, na Kiswahili nina B. Nataka stashahada ya ualimu wa sekondari. Prinsipo, yaani masomo uliyofaulu kikamilifu kidato cha sita, wanazotaka ni mbili, mimi ninazo tatu. Kwa hiyo upande wa vyeti sidaiwi na mtu.

Chuo nilichoomba ni cha binafsi, kiko ukanda huu wa ziwa. Jina sitaji, sitaki kesi. Tangazo lao lilisema barua ya maombi iandikwe kwa mkono wa mwombaji mwenyewe, na atakayeitwa kwenye usaili ajiandae kufundisha ubaoni dakika kumi. Hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Kwa wasioijua dispraksia: ni hali ya kuzaliwa nayo, ubongo unapata shida kupanga mwendo wa mwili. Misuli ipo, nguvu ipo, akili ipo, ila ile ramani ya mkono uanze wapi upite wapi inachelewa kufika, au inafika imevurugika. Kitu ambacho mwenzangu alijifunza mara moja akiwa darasa la pili, kama kufunga kamba za viatu, mimi mpaka leo nakifanya kwa kufikiria hatua kwa hatua. Nyumbani mama hanipi kisu nipae sato, anajua nitaacha magamba nusu na kidole nitakata. Tena siyo mikono tu. Kulia na kushoto vinanichanganya, maelekezo matatu yakitolewa kwa mpigo la kati linapotea, na jioni nachoka kuliko mtu aliyebeba zege. Haiishi ukikua. Shirika la Afya Duniani linaitambua, imo kwenye orodha yao ya magonjwa na hali za kiafya, ile ya ICD-11, kwa namba 6A04. Siyo kitu nimekiokota mtandaoni ili nionewe huruma.

Aliyenifungua macho ni mwalimu wangu wa Kiswahili wa kidato cha tano. Alimwita mama akamwambia, "Mama, huyu nikimuuliza kwa mdomo na nikisoma daftari lake naona watu wawili. Mpeleke hospitali." Kule mtaalamu wa tiba kazi akanidakisha mpira, akanitembeza kwenye mstari kisigino kwa kidole, akanipa vijiti nivipange kwenye matundu huku saa inahesabu. Akaandika karatasi yenye muhuri. Hadi hapo nilikuwa nimeshaitwa mvivu, mzembe, na kwa upande wa bibi, mtoto aliyechezewa.

Sasa turudi kwenye barua. Kalamu mimi naibana mpaka ukucha wa gumba unakuwa mweupe. Aya ya kwanza inasomeka. Ya pili maumivu yamefika kwenye kiwiko, herufi zimeanza kuwa kubwa na ndogo bila mpango, m imekosa mguu mmoja, mstari unapanda. Nikaenda steshenari nikachapa barua, nikaambatanisha na ile ya mkono kama ilivyo waione wenyewe, na juu yake karatasi ya hospitali. Karani akaichomoa ile iliyochapwa akanisukumia kwenye meza.

"Dada, hii hatupokei. Mwenye mkono anaandika."

Mwenye mkono anaandika! Na ada ya maombi walishapokea, ile isiyorudishwa. Hela ya mama yangu, ya dagaa wa pale Mwaloni Kirumba.

Fomu ya afya nayo ni kituko chake. Kuna sehemu ya ulemavu, daktari aweke alama: kuona, kusikia, viungo, ualbino, akili. Nimekaa mbele ya daktari na karatasi ya mwenzake mkononi. Ananiuliza nikuandike viungo, mbona viungo vyote unavyo? Akili? Akili umefaulu kidato cha sita. Akacheka, akapiga mstari mmoja kuanzia juu mpaka chini, akagonga muhuri kwamba ninafaa. Simlaumu sana, fomu haikumpa pa kuandika. Lakini mnaona mtego wenyewe? Kwenye fomu mimi ni mzima sihitaji msaada wowote, halafu nikisimama ubaoni mimi ni mzima asiyejituma.

Usaili wenyewe sasa. Niliitwa, nikafurahi, nikajiandaa kisawasawa. Pale mtaani Igoma nafundisha tuisheni watoto wa kidato cha kwanza na cha pili, kwa hiyo somo nilikuwa nalo: ngeli za nomino. Nilichora manila nyumbani usiku kwa rula, herufi kubwa, jedwali limenyooka. Mlango wangu wa kuingilia somo ni swali moja ambalo watoto wanalipenda: kwa nini tunasema "kiongozi amefika" na siyo "kiongozi kimefika", wakati "kiti kimefika" ni sawa? Hapo darasa linagawanyika, wanabishana, na ndani ya ubishi wao wanagundua wenyewe kwamba ngeli haifuati kiambishi cha mwanzo wa nomino peke yake, inafuata upatanisho kwenye sentensi. Dakika kumi zinatosha kabisa.

Wasaili walikuwa watatu. Nikatoa shikamoo, nikaomba kubandika manila.

"Manila baadaye. Kwanza tuone ubao."

Chaki ikakatika. Nikaokota, nikaandika A-WA, ikakaa. U-I, ikakaa kidogo chini. Nilipofika LI-YA mstari ulikuwa umeshateremka karibu na ukingo wa ubao, nikafuta kwa kiganja, nikagonga dasta ikaanguka, vumbi likaenda kwa madam aliyekaa mbele. Sijauliza hata lile swali la kiongozi. Mzee wa katikati akavua miwani.

"Binti, hapa kuku kapita na miguu ya matope. Watoto wa watu watasoma nini?"

"Samahani mwalimu, kwenye faili langu kuna karatasi ya hospitali."

Wakaifungua. Yaani ndiyo wanaifungua pale! Madam akaanza kusoma kwa kukata kata, dis, pra, akamgeukia mwenzake: "Ni kama degedege?" Yule wa tatu, kijana tu, pengine ananizidi miaka michache, akauliza kama inaambukiza. Wakacheka. Halafu mzee, kwa upole kabisa, na upole wake ndio ulionikera kuliko kicheko, akaniambia, "Mwanangu, ualimu ni ubao. Kasomee kitu kingine, hata ushonaji."

Ushonaji, wakuu. Mtu ambaye sindano mpaka itungwe uzi jua limezama. Hata kunifukuza wamenifukuzia mahali pabaya!

Hakuna aliyeniuliza ngeli. Hakuna aliyeniuliza mtoto asiyeelewa nitamfanyaje. Majina yalipobandikwa langu halikuwemo, na nilipompigia karani akasema "hukukidhi vigezo vya ubao". Hivyo vigezo naomba nivione vimeandikwa wapi, maana kwenye tangazo la sifa za kujiunga havikuwemo.

Najua kuna watu hapa wameshaanza kuchapa: mwalimu lazima awe na mwandiko mzuri, mtoto anaiga. Sawa, tuongee kama watu wazima. Darasa la kwanza na la pili, kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu, nakubaliana na wewe kabisa. Mtoto anayejifunza kuumba herufi a anahitaji kuiona a nzuri. Ndiyo maana sikuomba ualimu wa msingi. Kidato cha tatu hajifunzi kuumba herufi kutoka kwangu, anajifunza fasihi na sarufi. Na walimu wenye mwandiko wa kuchapa ambao wakimaliza kujaza ubao wanakaa kwenye simu mpaka kengele, hao sote tumesoma nao, tusidanganyane.

Kinachonipandisha hasira zaidi ni kwamba ninachoomba hakigharimu chuo hata shilingi. Niruhusiwe kuchapa barua. Karatasi yangu isomwe kabla sijaingia chumbani, siyo nikiwa nimeshachafua ubao. Nipewe dakika tano za kuupigia ubao mistari kwa rula ndefu, nitumie manila niliyoiandaa. Na nikienda kwenye mazoezi ya kufundisha, andalio la somo nilichape. Mliosoma ualimu mnalijua lile jedwali: hatua, muda, shughuli za ufundishaji, shughuli za ujifunzaji, vigezo vya upimaji, kila safu upana wa vidole viwili, na kila kipindi na andalio lake. Kwangu mimi kulijaza kwa kalamu ni usiku mzima. Kwenye kompyuta ni kazi ya kawaida. Mkaguzi anataka kuona nimepanga nini au anataka kuona nimeumia kiasi gani?

Na msiniambie nchi hii haina utaratibu. Kwenye mitihani ya taifa watahiniwa wenye mahitaji maalumu wanaongezewa dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati na dakika 10 kwa kila saa kwenye masomo mengine. Maana yake serikali inaelewa vizuri kwamba watu wawili wenye akili sawa wanaweza kuhitaji muda tofauti. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ni ya mwaka 2010, na inautazama ulemavu kwa kuangalia mtu anavyozuiwa kushiriki maisha sawa na wenzake, haikusema lazima uonekane kwa macho. Mwaka mmoja kabla yake, 2009, Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, na elimu imo. Tuna hadi mkakati wa taifa wa elimu jumuishi. Karatasi tunazo, tena za kutosha.

Nimesoma Uingereza wanafanyaje. Sheria yao ya usawa nayo ni ya 2010, mwaka ule ule! Kule mwanafunzi wa ualimu mwenye dispraksia anaweza kuomba posho ya wanafunzi wenye ulemavu, ikamlipia programu za kompyuta na vifaa vya kumsaidia kusoma. Mwigizaji wao Daniel Radcliffe alishasema hadharani kwamba anayo na kamba za viatu zinamsumbua, na hakuna aliyemwambia akashone. Siwaombi posho. Mimi naomba rula.

Halafu kuna hili, na wakufunzi mliomo humu mnijibu. Vyuo hivi hivi vinafundisha elimu jumuishi, walimu wa baadaye wanafundishwa namna ya kumtambua mtoto mwenye mahitaji maalumu. Makadirio ya wataalamu ni watoto 5 hadi 6 katika kila 100 wana hali hii. Darasa la watoto 80, na Mwanza madarasa ya hivyo siyo ya kutafuta kwa tochi, ni kama wanne. Wanne wanaochapwa kwa daftari chafu, wanaokataliwa kwenye timu ya mpira wa pete, wanaodondosha beseni la chai asubuhi na kuitwa majina. Nani atawatambua, ikiwa jopo zima la wakufunzi limeletewa mmoja, na karatasi yake, na muhuri, likauliza kama anaambukiza?

Mama ananiambia niachane nao, nikae tuisheni, Mungu atafungua mlango. Mjomba anasema nitafute mtu wa ndani. Sitaki mtu wa ndani. Barua ya kupinga nimeshaandika, nimeichapa, na nimewaomba wanipe sababu za kunikataa kwa maandishi. Nakala napeleka kwa ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri.

Naombeni msaada kwenye mambo yafuatayo, na tafadhali tusiharibu uzi kwa matani. Kuna chuo chochote cha ualimu Kanda ya Ziwa, Mwanza, Mara, Geita au Kagera, kinachopokea barua iliyochapwa? Aliyewahi kuongezewa muda chuoni kwa hali isiyoonekana kwa macho, ulipitia kwa nani, mkuu wa chuo au mshauri wa wanafunzi, na walikutaka karatasi gani? Na kama kuna mwalimu aliyepo kazini mwenye shida kama yangu, nitafute inbox uniambie ubao unaupigaje mistari haraka kabla watoto hawajaanza kelele, maana dirisha la maombi la awamu ya pili bado liko wazi na safari hii naingia na rula yangu mwenyewe.

Wale wa "kwani lazima uwe mwalimu", ndiyo, lazima. Pita huko.