Miaka miwili nachelewa maua ya msituni. Niende lini?

Mama Tumaini, Luton
Habari zenu ndugu wa ughaibuni. Nawauliza mnaoijua misitu ya hapa Uingereza. Nataka kuyaona yale maua ya blubeli, yanayotandika msitu mzima buluu, yakiwa yamechanua sawasawa. Mwaka juzi nilikaanga chapati, nikawapakia watoto, tukafika Ashridge kule Hertfordshire mwisho wa Mei. Tukakuta majani yamelala chini kama mchicha uliosahaulika sufuriani, na juu miti imefunga, kiza tupu. Mwaka jana nikawahi, katikati ya Mei. Yamepauka! Kwetu Tanga nilizoea kuhesabu kwa mvua, masika yakianza unajua kinachofuata. Hapa mvua ni ya mwaka mzima, sasa nihesabu kwa nini?

La pili: mwanangu alichuma mawili matatu, bibi mmoja mwenye mbwa akatukodolea macho mpaka nikaona haya. Ni kosa kweli?

Mzee Kobe
Mama Tumaini, achana na mvua, tazama juu. Maua haya huwahi jua kabla miti haijafunga. Matawi yakiwa bado matupu, mwanga unafika chini. Majani yakishajaa, basi tena.

Mimi naanza mwishoni mwa Machi na anemone nyeupe. Hayo yana tabia: wingu likipita yanajikunja na kuinamisha vichwa, jua likirudi yanafunguka. Niliwahi kukaa juu ya gogo kuyangoja mpaka chai ikapoa kwenye chupa. Kisha kitunguu saumu cha porini, utakisikia kwa pua kabla ya macho. Blubeli hufuata, na kwa upande wenu wiki nzuri huangukia mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei, ingawa baridi ikirefuka nayo husogea. Alama yangu ni jani la mti wa bichi. Likiwa changa, kijani cha ndimu, pembeni lina malaika kama mkono wa mtoto mchanga. Ukiliona hilo, usingoje Jumamosi ijayo.

Ashridge ulizia Dockey Wood. Na uende asubuhi. Jua la saa sita linaifuta ile buluu.

Binti Saumu
Kuhusu kuchuma: sheria ya mwaka 1981 inakataza kung'oa mmea wowote wa porini bila idhini ya mwenye ardhi, na tangu 1998 hata kuuza blubeli za porini imepigwa marufuku. Ua moja mkononi mwa mtoto si sawa na kung'oa tunguu lake, lakini muache tu, tena umnawishe mikono, utomvu wake una sumu. Kinachoumiza zaidi ni miguu. Jani likikanyagwa halilishi tena tunguu, na pale panaweza kukaa miaka bila kurudi vizuri. Wapiga picha ndio wabaya, wanajilaza katikati kabisa!

Ukiona yamesimama wima hayana harufu, hayo ni ya Kihispania, yametoroka bustanini. Ya hapa huinamisha shingo upande mmoja.

Kijana wa Muheza
Mama wa Tanga unahangaikia ua la Waingereza, na la kwenu liko dirishani kwa jirani yako! Dugulushi, lile la zambarau lenye majani ya manyoya. Kwetu Amani linashika kwenye mawe yenye kivuli, karibu na maji. Mjerumani Saint Paul-Illaire alilipeleka kwao mwaka 1892, leo linauzwa kwenye vyungu kila supamaketi.

Mama Tumaini, Luton
Shikamoo Mzee Kobe. Tulienda jana, saa moja asubuhi tulikuwa pale. Nilianza na jani la bichi, nikalipapasa pembeni, malaika yapo. Kuinua macho, naona kama moshi wa buluu umekaa chini ya miti, mpaka mbali. Harufu yake nyepesi, inakuja upepo ukitulia, ukiitafuta huipati. Mwanangu alitembea njiani mikono nyuma kama mwalimu mkuu. Chapati tulizilia garini, maana matope yale, jamani, viatu vya kanisani!

Kijana wa Muheza, la zambarau ninalo jikoni mwaka wa tatu. Nilidhani ni la Kizungu.