MREJESHO: Oveni iliyotoa keki mbichi katikati

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza kwa nini oveni yangu inaacha keki mbichi hata nikiweka nyuzi 180. Aliyesema nipime sensa (kifaa kinachopima joto ndani ya oveni) kabla ya kununua bodi (saketi inayoiendesha oveni) kaniokolea hela nyingi.

Nilichomoa plagi kwanza. Sensa ni aina ya PT1000, ukinzani wake wa umeme (unaopimwa kwa omu) unapanda joto likipanda: omu 1000 kwenye nyuzi 0, na kwa joto letu la Dar, nyuzi 30, inatakiwa isome kama 1117. Ikasoma hivyohivyo! Ila nikipima mwisho wa waya, upande wa bodi, napata 1270. Kumbe kiunganishi cha waya kimeshika kutu, na hizo omu za ziada zinaidanganya oveni kwamba joto limezidi kwa nyuzi 40 hivi, basi inaacha kupasha mapema.

Fundi wa Kariakoo kaniwekea kiunganishi cha kauri. Msifunge kwa selotepu, inayeyuka. Keki sasa zinaiva vizuri.