Tupeane uzoefu: siku uliyonyimwa mkanda wa karate

Mzee wa Mwakibete
Wakuu, kamwene, ugonile, habari za jioni.

Jumamosi binti yangu wa miaka 9 kaenda kufanya mtihani wa mkanda wa njano, karudi na mweupe wake. Pale dojo, ukumbi wa mazoezi, hakulia. Kalia tulipofika Mafiati, ndani ya bajaji, dereva ananitazama kwenye kioo kama vile mimi ndiye niliyempiga. Kosa lake ni kwamba katika Gekisai, ile kata yao (mfululizo wa mapigo uliopangwa), hakutoa kiai, ule ukelele wa kupigia. Mikono safi, miguu safi, sauti hakuna. Mama yake anasema nimtoe, elfu 15 imeliwa bure.

Mimi nimenyamaza, maana nimekumbuka yangu ya 1999. Darasa la shule ya msingi, madawati yamesukumwa ukutani, saruji ya mwezi wa saba. Baridi ya Mbeya mnaijua. Unasimama peku mpaka vidole huvisikii, halafu mtu anakwambia "shiko-dachi", ule mkao wa kushuka miguu wazi, ukae hapo mpaka akumbuke kwamba upo. Nilipiga teke la mbele nikateleza nikakaa. Sikuanguka, nilikaa, kama mgeni aliyekaribishwa chai. Hakuna aliyecheka. Bora wangecheka.

Waliowahi kunyimwa, mlifanyaje? Na wenye watoto, mliwaambia nini?

Kitonga Ekspresi
Saruji ya mwezi wa saba! Niko Dar kwenye joto lakini nyayo zimeniuma.

Dada wa Kihesa
Nilikuwa nasoma tu nipite, ila umenigusa.

Mwaka 2006, Iringa, natoka mkanda wa bluu kwenda kahawia. Mtahini alikuwa anatoka Dar kwa basi. Tumeanza kupasha mwili saa tatu asubuhi. Saa sita hayupo. Saa nane tunaambiwa lori limekwama mlima Kitonga, magari hayapandi wala hayashuki. Senpai, yaani mwanafunzi mkubwa wetu, anasema "msikae, mtapoa", kwa hiyo tukawa tunarukaruka mle ndani kama kuku wa kuuzwa. Mtahini kaingia saa kumi na mbili jioni, vumbi mpaka kwenye nyusi, kanawa uso, kakaa, kasema tuanze. Na umeme umekatika. Tukawashiwa chemli mbili.

Kata yangu Seiyunchin. Wasioijua, haina teke hata moja, ni mapaja tu. Unashuka, unavuta, unashuka tena. Nimefika katikati, kata ikafutika kichwani. Yaani nilikuwa naona kivuli changu ukutani kimenyoosha mkono na mimi sijui mkono ule ulikuwa unaelekea wapi. Nikasimama. Sijui nilisimama muda gani. Halafu nikainama, nikarudi mwanzo, nikaanza upya bila kuruhusiwa na mtu. Nikamaliza. Nikafelishwa.

Sasa mbaya zaidi ni kwamba baba alikuwepo. Mzee wangu karate hakuwahi kuipenda, alikuwa anaiita "kupigana kwa kulipia". Siku hiyo moja tu ndiyo alikuja, kakaa nyuma na koti lake. Tukatembea kwa miguu mpaka Kihesa bila neno. Tumefika mlangoni, anatafuta ufunguo, akaniambia: "Yule mwenzako aliyefuata naye alikosea. Ila yeye alijifanya hajakosea." Akafungua mlango. Hakuongeza kitu, na mimi sikuuliza.

Yule mwenzangu alifaulu, by the way. Alishaacha.

Kitonga Ekspresi
Dada, Kitonga imetutesa wengi. Pole.

Mnyaki Mweupe
Huyo baba ni mtahini kuliko mtahini.

Makande ya Kijani
Sisi Tukuyu hakukuwa na mkanda wa kununua. Ukifaulu unachukua mkanda wako uleule, unanunua pakiti ya rangi ya nguo, unachemsha na chumvi. Nimefaulu kijani, nimefika nyumbani mbio, nimechukua sufuria la mama la makande. Mkanda ulitoka rangi ya jani la chai lililonyauka, upande mmoja mweusi zaidi. Makande yalitoka kijani siku tatu. Nilichapwa kwa mkanda huohuo, bado mbichi, na shati likashika rangi mgongoni.

Kwa hiyo mimi dojo walinipa, nyumbani ndiko nilikonyimwa.

Oss Orijino
Mleta mada, makosa mnaanza nyinyi wazazi. Nimeona picha yako ya siku ile, mkanda wa mtoto umefuliwa mpaka unang'aa. Mkanda haufuliwi! Zamani ulikuwa mmoja tu, mweupe, unakuwa mweusi kwa jasho na uchafu wa miaka. Ukifua unafua elimu.

Mwalimu Mstaafu Iringa
Kijana, hiyo ya uchafu ni hadithi ya kuchangamshia watoto. Madaraja ya kyu (kabla ya mkanda mweusi) na dani (ya mkanda mweusi) yametoka kwenye judo ya Jigoro Kano, karate ikaazima. Gichin Funakoshi, mwalimu wa karate kutoka Okinawa, katoa mikanda myeusi ya kwanza ya karate mwaka 1924, na ilikuwa imetiwa rangi, haikuota ukungu. Na huyo Chojun Miyagi mwenye mtindo wake wa Goju-ryu kafariki 1953 bila kumpa mwanafunzi wake hata mmoja dani. Watu wamekaa naye miaka na miaka wametoka na kiuno kitupu, na ndio walioisambaza dunia nzima. Mfulieni mtoto mkanda, atapata upele.

Oss Orijino
Shikamoo mzee. Na wewe una dani ngapi?

Mwalimu Mstaafu Iringa
Marahaba. Kyu ya tatu. Goti lilikataa.

Heian Shodani
Shida ni Goju. Mnapumua kama pampu ya baiskeli mnaita kata. Mleteni mtoto kwenye mtindo wetu, Shotokani, kiai itatoka yenyewe.

Mnyaki Mweupe
Shotokani mnachanua miguu hivyo, mtu akikusukuma pale Kabwe unakwenda kusimamia mtaa wa Soweto.

Heian Shodani
Angalau sisi kata inaishia ilipoanzia. Ingawa na mimi mara ya kwanza nilimalizia mbele ya meza ya watahini, uso kwa uso na chupa ya chai. Mmoja akaniuliza kama nataka kikombe.

Muuza Viazi
Jamani mimi huwa sichangii, lakini leo acha niseme.

Mwaka 2011 nilikuwa kahawia, kyu ya kwanza. Imebaki miezi miwili niende dani ya kwanza. Kichwa kilikuwa kikubwa, nakiri. Nikitembea stendi nilikuwa namwona kila mtu kwa pointi zake, huyu hapa koo, huyu hapa mbavu.

Niko Makambako, upepo ule wa jioni, nasubiri gari la kuja Mbeya. Bibi mmoja ana gunia la viazi, katoka nalo upande wa Njombe. Kishalipa. Konda anamwambia gunia nalo linalipa nauli, bibi anasema tulielewana, konda akalivuta gunia kutoka kwenye buti akalitupa chini. Likapasuka. Viazi vikatawanyika mpaka mtaroni.

Sikufikiri. Gyaku-zuki, ngumi ya mkono wa nyuma, moja. Konda chini, meno mawili. Stendi nzima ikapiga kelele, mwendesha bodaboda akaniita komando. Nikapanda gari jingine nikaja zangu Mbeya. Njia nzima nimejiona mtu.

Jumatatu nimeingia dojo, habari imeshafika. Sensei wetu, yaani mwalimu, hapigi kelele. Alisomea Dar, kwenye dojo ya Zanaki, kule kulikoanzia Goju-ryu ya Bomani, yule Mmarekani mweusi, miaka ya 1970, na alikuwa na tabia ya kuuliza polepole kama karani. Akaniita mbele.

"Alikupiga?"
"Hapana, sensei."
"Alikuwa na kisu?"
"Hapana, sensei."
"Sasa ulimpigia nini?"
"Alimtupia bibi gunia."
"Mkaliokota?"

Nikanyamaza. Wakuu, hapo ndipo nilipojua. Nilivyompiga konda, dereva akaogopa, akawasha gari akaondoka. Na mimi nikaondoka. Bibi tulimwacha pale, usiku unaingia, viazi mtaroni. Hata kimoja sikuokota.

Sensei akanifungua mkanda kwa mikono yake. Akauliza kwenye boksi la watoto kama kuna mweupe. Ukapatikana mmoja, mfupi, ukifunga ncha zinabaki kama masikio ya sungura. Akanipeleka mwisho wa mstari, baada ya kitoto cha miaka minane. Kile kitoto kikaninong'oneza: "Kaka, nyoosha mgongo, senpai anakuona."

Ngoja, wateja wamekuja. Narudi.

Nimeweka Kambi
Wateja gani hawa saa hizi jamani!!!

Oss Orijino
Chai. Na haina sukari.

Dada wa Kihesa
Ingekuwa chai angeokota viazi.

Konda Mstaafu
Mimi nimepiga kazi njia hiyo miaka sita. Hakuna anayetusemea. Gunia lina kilo mia, tajiri anataka hesabu kamili, abiria anasema "tulielewana". Tulielewana na nani? Halafu anatokea mtu wa pajama nyeupe anakung'oa meno. Huyo sensei angempeleka polisi kabisa.

Mnyaki Mweupe
Kwa hiyo unatetea kutupa viazi?

Konda Mstaafu
Natetea meno.

Heian Shodani
Mimi naona sensei alizidisha. Adhabu ya kusugua sakafu mwezi mmoja ingetosha. Mkanda mtu kautolea jasho, huwezi kuuvua kama kofia. Nyie Goju mnapenda maigizo.

Mwalimu Mstaafu Iringa
Hakuvuliwa ujuzi, kavuliwa kitambaa.

Mtu wa Uyole
Mnabishania kitambaa. Karate yenyewe Olimpiki imeingia mara moja, Tokyo, ile ya 2020 iliyochezwa 2021. Paris 2024 ikatolewa. Mtoto mpelekeni riadha, akimbie, apate hela.

Dada wa Kihesa
Wewe wa Uyole ulikwenda riadha ukapata kiasi gani?

Mtu wa Uyole
Naongelea mtoto.

Mama Njia Panda
Na mimi naomba turudi kwa mtoto. Wangu alikuwa hatoi sauti vilevile. Tulimwambia apige kiai akiwa ameziba uso na mto. Wiki mbili tu, sasa anaamsha jirani.

Makande ya Kijani
Mto unaficha sauti. Mpeleke njia ya Loleza alfajiri, apige kelele mlima umjibu.

Mama Njia Panda
Alfajiri ya Mbeya, mtoto wa miaka 9? Utamlipia nimonia wewe?

Kitonga Ekspresi
Siku ya mtihani asile kitu.

Mnyaki Mweupe
Ale ndizi. Mbili. Mimi nilikwenda bila kula nikaona nyota kwenye kumite, ile ya kupigana wawili, kabla sijapigwa.

Oss Orijino
Mzazi asikae ndani. Mtoto anakuwa anakutazama wewe badala ya mbele.

Dada wa Kihesa
Akae. Na koti lake.

Muuza Viazi
Nimerudi, samahanini. Wa chai, nakuja na kikombe chako.

Nilikaa na mweupe mwaka mmoja na miezi minane. Wiki ya kwanza nilisema siendi tena. Wiki ya pili nilikwenda kwa hasira, nimuoneshe. Baada ya hapo sijui nilikuwa naenda kwa nini, nilikuwa naenda tu. Unapokuwa mwisho wa mstari unaona visigino vya watu wote. Niligundua cha kwangu cha kulia kilikuwa kinanyanyuka kila nikipiga ngumi, toka nikiwa na njano, na hakuna aliyewahi kuniambia kwa sababu waliokuwa nyuma yangu walikuwa wananiogopa. Kile kitoto ndicho kiliniambia.

Siku moja nimefika, mkanda wangu wa kahawia umekunjwa, umewekwa mahali pangu pa zamani. Sensei hakusema kitu, na hata leo hajasema. Dani nilikwenda 2014 nikafeli kumite. 2015 nikapata.

Konda nilimtafuta. Meno nilimlipa elfu 80, kwa mafungu manne. Fungu la pili alinitukana, la nne tulikunywa soda. Bibi sikumpata. Nimeuliza pale stendi mara nyingi, wananiambia mabibi wa viazi wako wengi. Sasa hivi nauza viazi, ila hiyo ni kwa sababu shamba ni la mke wangu, msianze kutunga mahubiri.

Oss Orijino
Mkuu, nimefuta kauli ya chai.

Konda Mstaafu
Elfu 80 kwa meno mawili ni ndogo. Lakini sawa.

Nimeweka Kambi
Na kile kitoto kiko wapi?

Muuza Viazi
Kiko chuo. Kimenizidi urefu. Bado kinaniambia ninyooshe mgongo.

Mzee wa Mwakibete
Wakuu, nimesoma yote, nimemsomea na mama yake hadi pale pa viazi. Hajasema kitu, ila ameuliza mtihani mwingine ni lini. Ni baada ya miezi mitatu. Mtoto mwenyewe jana jioni kampigia kiai paka, kikombe kimevunjika.

Sasa tatizo jingine: suruali ya gi, sare ya karate, imechanika katikati, ya dukani wanataka bei ya mbuzi. Mwanjelwa kuna fundi anayeshona?

Fundi wa Mwanjelwa
Mimi hapa. Nawashonea miaka yote ingawa sijawahi kupiga hata ngumi. Tumia marekani nzito. Kwapani na katikati ya miguu napita mara mbili, huko ndiko mnakochania. Pindo nitaacha ndefu, maana wanakua hawa. Elfu 22 suruali na koti.

Mzee wa Mwakibete
Kumi na nane.

Fundi wa Mwanjelwa
Lete mtoto tumpime kwanza.