Jeli ya kidonda yenye antioksidanti: ninunue au naibiwa?

Mtoto_wa_Bahi
Habari za jioni wakuu. Mama yangu ana miaka 63, ana kisukari, anaishi kijijini Bahi. Ana kidonda chini ya kidole gumba cha mguu, hii wiki ya saba. Ukubwa wa sarafu ya mia mbili, kingo zake nyeupe, ngumu kama kwato, na anasema hakiumi hata kidogo. Kila asubuhi anakimwagia peroksaidi mpaka povu litoke, anafuta, anavaa kandambili, huyo shambani kwenye mpunga.

Jana duka moja la dawa hapa Dodoma mjini wameniambia kuna haidrojeli ya antioksidanti "inayofyonza sumu na kuotesha nyama upya". Elfu tisini, tyubu ya gramu 15. Nikijibana naipata, ila sitaki kupigwa. Nawasilisha.

Kibuyu_cha_Manyoni
Elfu tisini! Njoo nikupe asali ya nyuki wadogo, chenji inabaki. Bibi yangu aliunguzwa na uji, akapona kwa asali tupu.

Mpita_Njia
Dodoma tuna zabibu, maganda yake yamejaa antioksidanti. Mpakeni mvinyo 😂

MwanaMaabara
Mkuu, haidrojeli yenyewe si utapeli. Ni mtandao wa polima (molekuli ndefu kama minyororo) ulioshika maji, nyingine zaidi ya asilimia 90. Wanakemia Wichterle na Lím waliielezea mwaka 1960 kule Prague, ndiko zilikotoka lenzi laini za macho. Kazi yake kidondani ni unyevu. Mwaka 1962 George Winter alionyesha kwa nguruwe kwamba kidonda kilichofunikwa kikabaki na unyevu huota ngozi karibu mara mbili ya kasi ya kilichoachwa kikauke.

Sasa hiyo antioksidanti. Seli nyeupe zinapopigana na vijidudu hurusha molekuli kali za oksijeni. Kwenye kidonda cha kawaida moto huo huzimika. Cha kisukari unaendelea kuwaka, unaunguza hadi seli changa zinazojenga. Ndiyo maana watafiti wanatia ndani ya jeli antioksidanti, yaani vitu vya kuuzima moto huo, kama kurkumini ya bizari manjano au asidi ya taniki. Matokeo mengi mazuri ni ya panya wa maabara. Huyo muuzaji muulize ni watu gani walioteshwa nyama, na jeli yake kama imesajiliwa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba.

Halafu cheka kidogo: peroksaidi ni oksidishaji, yaani inachochea moto huo huo. Asubuhi mama anawasha moto, wewe unataka kutoa elfu tisini kununua maji ya kuuzima.

Sista_Mstaafu
Mwanangu, nimefunga vidonda miaka mingi. Kwa mwenye sukari, kidonda kisichouma ndicho cha kuogopa. Mguu umekufa ganzi. Kila akikanyaga anakifumua. Hizo kingo ni sugu, yaani ngozi iliyokomaa, zikatwe na anayejua, si kwa wembe wa nyumbani. Wampime sukari, washike mshipa wa juu ya mguu kama unapiga, wapige picha waone mfupa. Ukiona harufu, uvimbe, homa au wekundu unaopanda, usisubiri kesho.

Jeli inafaa kidonda kikavu. Kinachotoa maji mengi ukikiwekea unakilowesha, ngozi ya pembeni inavimba na kuwa nyeupe. Tena jeli haibebi uzito wa mtu. Mama asipopumzisha huo mguu, hata ya laki tano haitasaidia.

Na wewe wa Manyoni, bibi yako aliungua. Asali kwa majeraha ya moto yasiyo ya kina ina ushahidi mzuri, lakini ni ile iliyosafishwa kitabibu. Kwa kidonda cha kisukari ushahidi haujakaa sawa.

Kibuyu_cha_Manyoni
Nimekuelewa sista. Asali atakunywa mwenye kidonda.

Sista_Mstaafu
Ana KISUKARI wewe!

Mtoto_wa_Bahi
Mrejesho. Nilimleta mjini. Daktari alimwambia afumbe macho, akawa anamgusa wayo kwa kiuzi cha plastiki, ajibu akihisi. Aliguswa mara tano, mama kimya, mwisho akauliza, "Mbona huanzi?" Nilihisi baridi.

Sukari 17, juu mno. Sugu wameikata, mfupa uko salama, mshipa unapiga. Kapewa dawa na kiatu cha kuondoa uzito kwenye kidole. Jeli ya kawaida wamesema watamwekea wenyewe ikihitajika. Peroksaidi nimeimwaga.

Kazi iliyobaki ni kumzuia asiende shamba. Ameshauliza kama akipelekwa na mkokoteni wa punda itahesabika amekanyaga.