Pensheni, vipande vya UTT au mikorosho: kipi kinaguswa tukiachana?

Mwalimu_Masasi
Habari za jioni wanajamvi. Nina miaka 19 kazini, mume wangu ni mkulima wa korosho. Ndoa yetu iko baraza la usuluhishi na sioni kama itarudi. Akiba yangu ya uzeeni iko sehemu tatu: PSSSF (mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma), vipande vya UTT (mfuko wa uwekezaji wa pamoja) kwa jina langu, na mikorosho ekari nne tuliyopanda wote kwenye shamba alilorithi kwa mjomba wake. Bwana anatamba kwamba nusu ya pensheni yangu ni yake. Kipi kiko salama?

KoroshoSafi
Pole dada. Sheria ni nusu kwa nusu, jiandae.

Mzee_wa_Mikindani
KoroshoSafi, usimtishe mtu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 114, haisemi kila kitu kikatwe katikati. Inahusu mali iliyochumwa na wawili ndani ya ndoa. Mahakama inatazama mchango wa kila mmoja, wa fedha, mali au kazi, kisha madeni yaliyobebwa kwa faida ya wote na mahitaji ya watoto wadogo. Baada ya hapo ndipo inaegemea usawa.

Sasa pensheni. Wewe unakatwa asilimia 5 ya mshahara, mwajiri anaongeza 15. Pesa hiyo hata mwenyewe huwezi kuichota leo. Ni miaka 55 kwa hiari au 60 kwa lazima. Mumeo hawezi kwenda dirishani kudai mafao yako. Ila ukistaafu bado mko pamoja, kiinua mgongo kikajenga nyumba, nyumba hiyo inaongeleka mkija kuachana.

Binti_Nachingwea
Dada yangu yuko Uingereza. Kule mahakama inaweza kuagiza mfuko wenyewe ukatwe, mwenza apewe fungu lake la pensheni, tangu mwaka 2000. Wengi wanasoma habari za huko wakadhani na sisi tuko hivyo.

Mdau_Lindi
Vipande vina hatari kuliko pensheni. Jina lako linakusaidia kwa kuanzia, maana mali iliyo kwa jina la mmoja inachukuliwa ni yake mpaka mwingine athibitishe vinginevyo. Lakini kama ulikuwa unanunua vipande kwa mshahara huku korosho za bwana zikilipa ada na chakula, atasema yeye ndiye aliyekuwezesha kuweka. Na atakuwa na hoja.

KoroshoSafi
Na mikorosho je? Shamba ni la mjomba, hapo dada hapati kitu.

Mzee_wa_Mikindani
Haraka hiyo! Hata mali ya mtu kabla ya ndoa, ikiendelezwa kwa kiasi kikubwa na jasho la wawili, inaingia kwenye hesabu. Kama shamba lilikuwa pori na mmeotesha, mmepalilia na kupuliza salfa (dawa ya mikorosho) pamoja, hiyo ni kazi. Shida ni ukoo. Kwetu kusini shamba la mjomba lina wenyewe wengi, na siku ya kesi watakuja wote kusema hawajakuona shambani. Korosho zimeuzwa AMCOS, yaani chama cha ushirika, kwa jina la nani?

Mwalimu_Masasi
Lake. Miaka yote.

Mzee_wa_Mikindani
Basi tafuta mashahidi na risiti za pembejeo ulizolipa wewe.

Mama_Vikoba
Wanawake tunapenda kuitaja kesi ya Bi Hawa Mohamed ya mwaka 1983, iliyokubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango. Tunasahau ilivyoisha: mume alikuwa amempa fedha za kujenga, zikatumika ovyo, mama hakupata nyumba. Na mahakamani wataulizia matumizi pia, siyo kazi tu. Halafu mwenzangu, ukishapata hati ya talaka, nenda karekebishe taarifa za wategemezi kwenye mfuko. Hilo usilale nalo.

Binti_Nachingwea
Na hisa za kikoba?

Mama_Vikoba
Hizo nazo wanaziulizia, pamoja na mkopo. Ukificha hisa, mkopo nao utaubeba peke yako.

Mwalimu_Masasi
Asanteni, babu na wenzangu. Nimepekua sanduku leo. Risiti za salfa zipo za misimu minne, mbili zimeliwa na mchwa. Kikao ni Ijumaa. Jirani aliyekuwa akitusaidia kuokota korosho amekubali kuja, ila ameomba nauli ya bodaboda.