Naomba ushauri: kutembea vilimani Chake hadi Kidike na mzee

Asalaam alaykum ndugu zangu, hasa Wapemba mliopo nyumbani. Mwishoni mwa Septemba, kabla vuli haijaanza, nataka kutembea kwa miguu na ami yangu kutoka Chake (mjini Chake Chake, Pemba), tupite vilimani kwenye mikarafuu mpaka Kidike, kwenye hifadhi ya popo. Ana hamu kubwa ya kuwaona, maana popo hawa wakubwa hawapatikani kokote duniani isipokuwa Pemba.

Vilima vyetu si virefu, lakini ni panda shuka mtindo mmoja, na ami ana miaka 66, goti humsumbua kwenye miteremko. Kupanda hana tabu. Mvua ikinyesha usiku, ule udongo mwekundu huteleza vibaya. Je, kuna njia ya mashambani yenye miteremko ya taratibu, au tushike barabara tu? Na msimu wa karafuu ukiwa umeanza, tukikatiza shamba la mtu tumuombe nani ruhusa?

Mchana popo wamelala mitini. Ami anataka kusubiri magharibi waruke. Saa hizo gari za kurudi Chake zipo, au nipatane na dereva mapema?